Mpira Hauchezwi na Ukuta

Juzi redioni fundi mmoja anayetandika nyasi bandia majumbani aliulizwa kwa nini biashara yake inakua. Alijibu kwamba mzazi anayempenda mwanawe siku hizi humjengea uwanja nyuma ya nyumba, na kwamba nyasi hizo ukishazitandika umemaliza: hazimwagiliwi, hazifyekwi, hazina gharama. Mtangazaji akaitikia kwamba ni kweli kabisa. Si kweli hata kidogo. Imani hiyo imeenea Mbezi Beach na Goba jijini Dar es Salaam, imeenea Karen na Runda jijini Nairobi, na inawaharibia watoto wetu mchezo.

Tuanze na huo upendo. Mpira unachezwa na watu. Mtoto anajifunza chenga kwa sababu mbele yake kuna beki aliyemzidi umri na aliyeapa kwamba leo hapiti. Anajifunza kutoa pasi kwa sababu asipotoa timu nzima itamgombeza. Anajifunza kufungwa kwa sababu amezomewa na mtaa mzima, na kesho jioni lazima arudi palepale. Hakuna fundi anayeuza vitu hivyo kwa mita ya mraba. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa. Victor Wanyama alikulia Muthurwa, Nairobi, na mwaka 2012 aliipatia Celtic bao la kichwa dhidi ya Barcelona. Nitajieni nyota mmoja wa Afrika Mashariki aliyepikwa peke yake kwenye bustani ya baba yake. Hayupo.

Jirani yangu alikata miembe miwili iliyokuwa ikizaa vizuri. Akachimba, akashindilia kokoto, akatandika nyasi bandia, akamwaga mchanga na chembe za matairi chakavu, akafunga nyavu na taa. Mwanawe alicheza likizo nzima peke yake, akipiga mpira ukutani. Watoto wa uchochoroni walipochungulia getini, mlinzi aliamriwa kuwafukuza. Leo kwenye goli lile yanaanikwa mashuka, na mtoto yuko ndani na simu. Fedha zimekwenda, miembe imekwenda, mchezaji hakupatikana.

Halafu eti hazina matunzo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Utah, walipima mwaka 2002 wakakuta uso wa nyasi bandia umefika nyuzi joto 93 katika siku ambayo hewa yenyewe ilikuwa kama nyuzi 37. Mtoto wa Dar es Salaam anatoka shule alasiri, jua la Februari bado linachoma, unamwambia akakimbie juu ya plastiki. Dawa inayotumika ni kuimwagia maji, na maji yakikauka joto linarudi. Basi nani alisema hazimwagiliwi? Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua tulipata maji kwa mgao. Mwenye akili timamu hawezi kuyamwaga kwenye plastiki ili ipoe. Nyuzi za nyasi hizo hulala, lazima zisuguliwe kwa brashi. Chembe huchukuliwa na mvua, lazima ziongezwe. Masika huotesha ukungu. Mbwa akikojoa, harufu inabaki palepale. Na baada ya miaka kama kumi zulia lote linang'olewa, lakini fundi wa redioni hakusema linakwenda kutupwa wapi.

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mama muuza nyanya akabadilika, tena bila kulalamika sana. Sasa wenye nyumba kubwa wanafunika ardhi kwa plastiki ileile, na kila masika chembe zake zinafuata mitaro hadi baharini. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kukomesha uuzaji wa chembe hizo za viwanjani na ukatoa muda hadi 2031. Wenzetu wanajipanga kuachana nazo. Sisi tunaziita maendeleo.

Utetezi ninaousikia kila mara ni kwamba mchangani mtoto atachafuka. Achafuke! Mtoto aliyerudi msafi hajacheza. Mzazi anayetumia mamilioni kukimbia kipande cha sabuni asituambie habari za malezi.

Na shule nazo zisijifiche. Zipo shule binafsi zinazotoza ada ya kuumiza mgongo, zina mabasi na mabango ya picha za watoto wakicheka, lakini uwanja wao wa michezo hautoshi kuegesha mabasi hayohayo. Maeneo ya wazi yaliyochorwa na mipango miji yamegeuka baa, gereji na vituo vya mafuta. Nani angepiga kelele? Wenye sauti ndio hao waliojijengea viwanja vyao ndani ya ukuta. Mzazi ambaye diwani anapokea simu yake akishajifungia na goli lake, watoto wengine mtaani wamebaki bila mtetezi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko joto na kuliko plastiki: kila uwanja wa peke yake unaojengwa unaondoa mtu mmoja mwenye nguvu kwenye vita vya uwanja wa wote.

Kwa hiyo mzazi mwenye fedha hizo, nenda kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wako. Uliza eneo la wazi liko wapi kwenye ramani na nani amelikalia. Likipatikana, lipia greda lisawazishe, chomelea magoli mawili ya chuma, panda miti ya kivuli pembeni. Kisha mtoe mwanao getini aende kugombea namba na watoto wa wenzako. Akiwekwa benchi, mwache akae benchi.