Mtoto wa Shule Katika Gari la Kukodi: Amana Iko Mikononi mwa Nani?

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Wenye kuswali Alfajiri katika misikiti ya Arusha wanalijua jambo hili kwa macho. Watokapo msikitini, hasa miezi ya Juni na Julai ukungu wa Mlima Meru unapotanda na giza halijaondoka, huwakuta wanafunzi wamekwisha simama barabarani, Sakina, Kijenge na Kwa Mrombo. Zamani walingoja vifodi tu. Siku hizi wamo wanaongoja gari lililoitwa na mzazi kwa simu. Binti wa miaka 14 hufungua mlango, akaketi peke yake na dereva asiyemjua, na safari ikaanza. Je, huo ni usalama, au tunajipumbaza?

Kwanza tuwatendee haki wazazi. Wengi hawakuyakimbilia magari haya kwa anasa. Desemba 2023, LATRA ilipopandisha nauli ya daladala kwa safari fupi za mjini kutoka shilingi 500 hadi 600, nauli ya mwanafunzi ilibaki shilingi 200. Huruma hiyo ni njema, lakini kondakta huiona hasara, kwa kuwa mtu mzima mmoja humlipa sawa na wanafunzi watatu. Ndiyo maana mtoto husukumwa mlangoni, akaachwa kituoni, akafika shuleni amechelewa. Toyo nazo zina hatari zake. Mzazi akiona katika simu jina la dereva, picha yake, namba za gari na ramani ya safari, moyo hutulia.

Hata hivyo, utulivu huo una mipaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na kampuni za magari ya kuitwa kwa simu kwa kawaida humtaka mwenye akaunti awe ametimiza umri huo. Kampuni ya Uber ilipoanzisha huko Marekani, mwaka 2023, akaunti za vijana wa miaka 13 hadi 17, iliongeza namba ya siri ya kuhakikisha gari na njia ya mzazi kuifuatilia safari. Maana yake ni kwamba hata wenye biashara wamekiri kuwa utaratibu wa mtu mzima haumtoshi mtoto. Ramani humwonyesha mzazi gari lilipo. Haimwonyeshi yanayosemwa ndani yake.

Kwa upande wa sharia, Mtume (S.A.W.) amekataza mwanamume kukaa faragha na mwanamke asiye maharimu wake. Wako wanazuoni, akiwemo Sheikh Ibn Uthaymin, walioona kuwa kupanda gari peke yake na dereva kunaingia katika katazo hilo hata ndani ya mji. Wako wengine walioona kuwa gari lenye vioo vinavyoonyesha, katika barabara yenye watu, halijawa faragha kamili. Lakini hata anayeifuata kauli hii ya pili ajiulize: barabara ya Njiro saa kumi na mbili kasoro, gizani, ina watu wangapi? Wala tusidhani kuwa wavulana wamesalimika, kwani madhara huwafika nao, na aibu huwafunga midomo.

Hatusemi madereva ni waovu. Wengi ni baba wa watoto kama sisi, na dhana mbaya ni dhambi. Tukumbuke usiku ule Mtume (S.A.W.) alipokuwa akimsindikiza mkewe Safiyya, akapita na Maansari wawili, akawajulisha kuwa yule ni mkewe ili shetani asiwatie shaka. Hapo tunajifunza mambo mawili: kusindikiza, na kuziba mlango wa tuhuma. Dereva mwema naye anastahiki kulindwa na tuhuma hiyo.

Tufanyeje basi? Mtoto asipelekwe peke yake kwa dereva mgeni. Panapokuwa na dharura, wapande ndugu au majirani wawili watatu, wakae viti vya nyuma, na mzazi mwenyewe aihakikishe namba ya gari kabla mlango haujafungwa. Bora zaidi ni wazazi wa mtaa mmoja kuchangia gari moja la kudumu, la dereva anayejulikana kwa jina na kwa nyumba yake. Kamati za misikiti na madrasa zinaweza kuwakutanisha.

Lakini wingi wa watoto peke yake si kinga. Mei 2017 basi la shule ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu, wakafa wanafunzi zaidi ya 30. Aprili 2024, katika wiki ileile ya Idi, gari la shule lilisombwa na mafuriko jijini mwetu na watoto wakapoteza maisha. Kwa hiyo tuulize pia breki, mwendo na njia ipitwayo mvua inaponyesha.

Kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Tukilipa nauli, tumemlipa dereva haki yake. Amana ya mtoto bado iko mikononi mwetu.

Wallahu a'lam.