Misalaba ya katuni ilivyonikosanisha na mwanangu

Wazazi wenzangu, likizo hii ya Agosti ilipoanza, mjukuu wangu wa miaka 14 aliletwa kwetu Nakuru na babake akiwa na begi la nguo, vitabu viwili ambavyo sijamwona akivifungua, na simu. Siku ya tatu, jioni tukingojea chajio, Mama Watoto alipita nyuma ya kiti alichokalia kijana, akaitupia simu ile jicho, kisha akapiga ukemi ambao bila shaka ulisikika hadi kwa jirani.

"Baba Watoto, njoo uone kilichoingia katika nyumba hii!"

Nilifika miwani mkononi. Kwenye kioo cha simu niliona jitu jeupe lenye kinyago usoni, limepigiliwa kwenye msalaba mwekundu, mikono imenyooshwa kama ya Bwana wetu pale Kalvari. Ilikuwa katuni. Sitawaficha, mwili ulinisisimka. Msalaba ndio ninaoupigia goti kila Jumapili, na hapa ulikuwa umegeuzwa kitu cha kuchezea kwenye simu.

Nikanyosha mkono. Kijana akanipa simu bila kubishana, akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Babu, utaichoma?"

"Nichome simu? Nani amekuambia mimi huchoma vitu?"

"Baba."

Hapo nikaketi.

Ndugu msomaji, kisa chenyewe ni cha mwaka 2000. Babake kijana huyu, kifungua mimba wangu, alikuwa na miaka 12. Mjomba wake aliyekuwa akiishi London alimtumia kadi za picha za Pokémon, vile viumbe vya Kijapani vilivyokuwa vimewatia wazimu watoto wa karibu dunia nzima. Alizihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda, na kila kiumbe alikijua kwa jina na kwa nguvu zake. Kisha akaja mhubiri mgeni kanisani kwetu, akatuambia kwamba viumbe hivyo ni mapepo na kwamba mzazi anayeviacha nyumbani amemfungulia Ibilisi mlango. Jumapili hiyo hiyo niliutoa ule mkebe, nikazimwagia kadi mafuta ya taa nyuma ya jikoni, nikamwita mtoto aje ashuhudie. Hakulia. Alisimama tu. Nami nikadhani ameelewa.

Laiti ningeuliza! Pokémon ni mkato wa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya majitu ya mfukoni, basi. Aliyeubuni mchezo huo, Satoshi Tajiri, ameeleza kwamba utotoni alipenda mno kukamata wadudu, na mchezo wake uliotoka Japani mwaka 1996 ulitokana na mapenzi hayo: kutafuta viumbe vichakani, kuvikusanya na kubadilishana na wenzako. Nani kati yetu aliyekulia mashambani ambaye hakuwahi kumfungia panzi ndani ya kibiriti?

Najitetea kwa jambo moja, kwamba sikuwa peke yangu katika hofu ile. Mnamo Machi 2001 Mufti Mkuu wa Saudi Arabia aliuharamisha mchezo huo kwa fatwa. Wakuu wa dini huko walidai kwamba kadi zake ni kamari na kwamba zimebeba misalaba na nyota yenye pembe sita. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, kituo cha televisheni cha maaskofu wa Kikatoliki wa Italia kilikuwa kimevisifu viumbe vile vile kwa kuchangamsha fikira za watoto. Kadi ni zile zile, wazee wa dini wakazitazama, kila mmoja akaona lake. Mimi hata kuzitazama sikuzitazama.

Nirudi kwenye simu. Usiku ule nilimpigia mwanangu nikiwa na nia ya kumkemea kwa kumwachia mtoto kufuru. Alinisikiliza hadi nikamaliza, jambo ambalo mimi sikumfanyia alipokuwa mdogo, kisha akasema, "Baba, zile kadi zangu, ulisoma hata moja kabla ya kuzichoma?" Nikamwambia hayo ni ya kale. "Basi hii ya mtoto itazame kwanza, halafu tuzungumze." Akakata simu. Mwanangu hajawahi kunikatia simu tangu azaliwe.

Kesho yake nikamwomba mjukuu anianzishie katuni yake tangu sehemu ya kwanza, naye akakubali, akawa ananisomea yale maandishi ya chini yanapokwenda kasi.

Inaitwa Neon Genesis Evangelion. Ilionyeshwa kwenye televisheni ya Japani kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, sehemu 26, ikiongozwa na bwana mmoja aitwaye Hideaki Anno, na mwaka 2019 ikawekwa kwenye Netflix, ndiposa hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule wanaijua. Jina tu lilinipa mshangao. Evangelion ni neno la Kigiriki lenye maana ya habari njema, na ndilo lililopita kwa Waarabu likatufikia sisi likiwa Injili. Kumbe kijana alikuwa akitazama kitu chenye jina la Injili na Mwanzo kwa pamoja, huku nyanyake akitafuta maji ya kumnyunyizia!

Yaliyomo ndani ni kizaazaa. Dunia inashambuliwa na majitu ya ajabu yaitwayo malaika. Mojawapo ni Israfel, jina ambalo ndugu zetu Waislamu hawahitaji kufafanuliwa, kwani Israfili ndiye malaika wa kupuliza parapanda Siku ya Kiyama. Jitu la kwanza linapokufa, moto wa mlipuko unapanda juu kwa umbo la msalaba. Kuna mkuki wa Longinus, jina ambalo mapokeo ya kanisa yalimpa askari aliyemchoma Bwana ubavuni, ingawa Yohana hakumtaja kwa jina. Halafu kuna kompyuta tatu ziitwazo Melchior, Balthasar na Casper. Nilimwuliza mjukuu kama awajua hao. Hakuwajua. Nikamwambia ndio majina wanayopewa Mamajusi waliomfuata mtoto Yesu, nikamfungulia sura ya 2 ya Mathayo. Akaisoma yote, kisha akaniuliza mbona Mathayo hakusema ni watatu wala hakutaja majina yao. Nimeisoma sura hiyo kila Krismasi kwa miaka zaidi ya 50, na swali hilo sijawahi kujiuliza.

Je, Wajapani hawa walikuwa wakitudhihaki? Kazuya Tsurumaki, aliyekuwa msaidizi wa Anno katika kuiongoza katuni hiyo, alikwisha kulijibu swali hilo. Alieleza kwamba misalaba ile haikukusudiwa kuwa na maana yoyote ya Kikristo. Katuni za majitu ya chuma zilikuwa tele Japani, nao walitaka yao ionekane tofauti, na kwa kuwa Ukristo ni dini ya wachache kule waliona alama zake zitaleta hali ya fumbo. Aliongeza kwamba wangalijua katuni itafika Marekani na Ulaya, huenda wangalifikiri mara mbili.

Nilicheka peke yangu niliposikia hayo, nikakumbuka matatu zetu. Fundi wa Nairobi anachora joka la Kichina ubavuni mwa gari, na pembeni maandishi ya Kichina asiyoweza kuyasoma yeye wala dereva wala utingo. Hana ugomvi na imani ya Wachina. Ameona yanapendeza.

Hata hivyo, jibu la Tsurumaki halikunitosha. Msalaba haukufika Japani jana kama pambo. Padri Francis Xavier alitia nanga huko mwaka 1549, na watu wengi wakabatizwa. Mwaka 1597 Wakristo 26 walisulubiwa mjini Nagasaki, wengine wao wakiwa watoto. Mwaka 1614 dini hiyo ikapigwa marufuku nchi nzima, na baadaye raia wakawa wanalazimishwa kukanyaga sanamu ya Kristo au ya Maria ili kuthibitisha kwamba si waumini. Marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1873. Waliobaki waliomba kwa siri, vizazi kwa vizazi, bila padri wala Biblia, mbele ya sanamu za Kibudha zilizomficha Bikira Maria ndani yake. Leo Wakristo kule ni kama mtu mmoja katika kila 100. Kwa hivyo wachoraji wa katuni waliuokota msalaba baada ya damu kukauka, wakauona unavutia. Nilipomweleza mjukuu haya aliisimamisha katuni, akataka kujua wale watoto wa Nagasaki walikuwa na umri gani. Nikamwambia baadhi yao walikuwa wadogo kumliko yeye.

Kuna wanaoamini dawa ni kufuta alama zote za dini kwenye michezo ya watoto. Hilo limejaribiwa. Miaka ya themanini na mwanzoni mwa ile ya tisini, tawi la Marekani la kampuni ya Nintendo lilikuwa na sheria ya kuondoa alama za dini kwenye michezo inayotoka Japani ili lisimuudhi mtu. Misalaba ikafutwa kwenye majeneza. Hospitali zikanyang'anywa misalaba yao myekundu. Lakini kioja chenyewe kimo katika mchezo wa kwanza wa Zelda, wa mwaka 1986. Kwa Kijapani, shujaa wake hubeba kitabu chenye msalaba kwenye jalada, na kitabu hicho kinaitwa waziwazi Biblia. Kilipovuka bahari kikapewa jina jipya: Kitabu cha Uchawi! Yaani kwa kuogopa kuikosea dini, watu wazima waliketi ofisini wakaibatiza Biblia kuwa kitabu cha mganga.

Hata Waislamu yamewafika. Oktoba 2008 kampuni ya Sony iliuzuia mchezo wake mpya, LittleBigPlanet, siku chache tu kabla haujaingia madukani, kwa sababu wimbo mmoja ndani yake ulikuwa na maneno ya Kurani Tukufu. Mwenye wimbo alikuwa Toumani Diabaté wa Mali, mpiga kora mashuhuri aliyefariki mwaka 2024, naye mwenyewe alikuwa Mwislamu wa ukoo wa waimbaji ambao hawakuona kosa kuimba maneno hayo. Aliyelalamika alikuwa muumini, na mwenye wimbo pia. Wimbo ukarudishwa bila maneno. Mimi sitaamua kati yao.

Na wale ndugu zangu wa kanisani wanaohesabu wachawi kwenye vitabu vya watoto, niwakumbushe C.S. Lewis. Kitabu chake cha mwaka 1950 kina mchawi hadi kwenye jina. Hamna msalaba humo. Ila yumo simba aitwaye Aslan anayekubali kuuawa badala ya mtoto msaliti, kisha anafufuka, na Lewis alikuwa Mkristo aliyejua anachofanya. Kwa akili niliyokuwa nayo mwaka 2000, kitabu hicho nacho kingalipata mafuta yake ya taa.

Sisemi katuni hii ya Evangelion ni ya kila mtoto. Ina damu, ina mambo ya utu uzima, na mtoto wa miaka 8 nitamwondolea simu bila kuomba radhi. Anno mwenyewe alisema kwamba kabla ya kuitengeneza alikuwa amevunjika moyo kwa miaka minne asiweze kufanya lolote, na huzuni hiyo imo humo. Kijana amenionya kwamba sehemu za mwisho ni nzito.

Ila uzito huo hautoki kwenye misalaba, na hapo ndipo mimi na Mama Watoto tulipotazama mbali. Shujaa ni kijana wa miaka 14 aitwaye Shinji. Mamake hayupo tena, na babake alimwacha kwa watu wengine tangu akiwa mdogo. Miaka inapita bila hata salamu, kisha siku moja baba anamwita, na kijana anapofika anagundua kwamba ameitwa kwa sababu kuna mtambo unaohitaji mtu wa kuuendesha vitani. Hakumbatiwi wala haulizwi habari za safari. Anapanda ule mtambo na kuingia vitani, sehemu baada ya sehemu, akingoja mzee aseme neno moja tu.

"Babu, mimi hiyo misalaba huwa hata siioni," mjukuu aliniambia. "Natazama kama babake atamwambia pole."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jikoni kwa muda, karibu na pale pale. Kisha nikampigia mwanangu. Nilimwambia pole kwa zile kadi. Kukawa kimya, hata nikadhani amekata tena.

"Baba," akasema mwishowe, "iliyotangulia kushika moto ilikuwa Charizard. Naye ni joka la moto."

Akacheka. Nami nikacheka, nikichelewa kidogo, maana ilibidi kwanza anieleze Charizard ni nani.

Tumebakisha sehemu nne. Mama Watoto hajashawishika. Tukiwasha simu yeye huhamia jikoni na redio yake, akiongeza sauti kwenye nyimbo za dini. Jana usiku tu ndipo aliipunguza, akauliza kutoka huko huko kama yule mtoto ameshapatana na babake.