Mshipa umevimba, usikae tu kwenye kiti

Ndugu mfanyakazi, munganga amekuambia mshipa mkubwa wa damu, aorta, umevimba tumboni. Tangu siku ile unashinda kwenye kiti, na mama wa nyumba anakukataza hata kufika kwa jirani. Mimi sikubali. Ikiwa uvimbe ungali mdogo na munganga ameruhusu, tembea kila siku, mwendo wa kuweza kuzungumza na mwenzako njiani. Kinachodhuru ni kuinua mfuko wa makala huku umefunga pumzi: hapo damu inasukuma mshipa kwa nguvu. Mfuko wabebe vijana. Na sigara unayovuta hapo kitini? Hiyo ndiyo ya kukataza, mama! Maumivu makali ya ghafula yakishika tumbo ao mgongo, usingoje asubuhi: hospitali mara moja.