Darasa Letu, Data Yetu, Faida Yao

Tuseme ukweli mapema tusipotezeane wakati: kampuni haikufundishi kazi. Wenzako ndio wanakufundisha, na wanakufundishia WhatsApp. Kampuni ilikupa barua ya ajira, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na siku mbili za kuonyeshwa choo kilipo na fomu za likizo zinavyojazwa. Yale mengine yote, yaani kazi yenyewe, uliyaokota kwenye grupu. Ulikwama, ukapiga picha, ukatuma, ukaandika "wasee, hii inaendaje?" Chai haijapoa, mtu wa Eldoret ambaye hujawahi kumwona amekujibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, nyuma yake mtoto analia na sufuria zinagongana.

Hiyo ndiyo shule ya kazi ya kizazi chetu. Haina jengo wala cheti, na karo yake inatoka mfukoni mwa mwanafunzi: data aliyonunua kwa mshahara ambao tayari umekatwa kila kinachoweza kukatwa. Mwajiri anapokea mfanyakazi anayejua kazi, na hajatoa hata shilingi. Kwa hivyo hoja yangu ni fupi. Kinachofanyika ndani ya hayo magrupu ni kazi, na kazi hulipwa.

Najua kuna watakaoruka juu. Kwani hata kusaidiana kulipwe? Si tutakuwa tumeuza utu wetu? Tulieni, tutafika hapo.

Anza na watu ambao kila mtaa unawajua. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kwa shangwe nyingi, wakapewa mikoba ya vifaa na simu. Posho ikatangazwa: shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Piga hesabu. Hiyo ni chini ya shilingi 170 kwa siku, na katika kaunti kadhaa wahudumu wamelalamika kwamba hata hizo zinachelewa. Kwa pesa hizo mtu anatakiwa agonge milango, apime presha na sukari, amfuatilie mama mjamzito, na ajue ni wakati gani mtoto mwenye homa lazima apelekwe hospitali. Sasa ni saa mbili usiku, amekutana na dalili ambazo hazikutajwa kwenye mafunzo. Anamuuliza nani? Grupu.

Wala hili si jambo la jana. Mwaka wa 2016 ulichapishwa utafiti kuhusu wahudumu wa Kibera na Makueni waliotumia magrupu ya WhatsApp pamoja na wasimamizi wao. Lengo lilikuwa usimamizi, lakini grupu likageuka kuwa zaidi ya hapo: watu walitumiana picha za kazi zao, wakaelekezana na wakapeana moyo. Ni habari njema, na ukweli usemwe, inagusa. Lakini ona vile wakubwa wanavyopokea habari za aina hii. Wanapiga makofi na kusema: tazama, watu wanajifunza wenyewe, tena bila gharama!

Bila gharama kwa nani? Gharama ipo. Imehamishwa tu kutoka kwenye bajeti ya ofisi ikaingia kwenye simu ya mtu anayelipwa shilingi 170 kwa siku.

Na msiniambie hakuna pesa za mafunzo nchini. Kila mwajiri Kenya anatakiwa kulipa ada ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Hiyo ni shilingi 600 kwa mwaka kwa kila kichwa. Akipeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kuomba arudishiwe gharama. Maana yake ni kwamba nchi hii ilikubali kitambo kuwa kujifunza kazi kuna bei. Ukumbi wa Naivasha una bei. Projekta ina bei. Mwezeshaji anayesoma slaidi zake neno kwa neno ana bei, na chai yenye samosa mbili ina bei. Lakini yule mhasibu mwenzenu aliyekaa mpaka usiku akiwaeleza watu kumi na wanne jinsi ya kurekebisha ankara zilizokataliwa na mfumo wa KRA, yeye hana fomu ya kujaza. Yeye anaambiwa ana "roho ya timu".

Sasa turudi kwa lile swali la utu.

Nenda Kirinyaga Road au gereji za Kariobangi. Magari mengi yanayoingia hapo yalitumika Japani kwanza, na siku hizi mengi ni ya haibridi. Dashibodi inaongea Kijapani, betri kubwa imekaa mahali ambapo fundi wa zamani hakuzoea kuangalia, na taa ya onyo inawaka bila maelezo. Fundi anapiga picha ya ile taa na kuituma kwenye grupu. Wa Mombasa anamjibu: usiguse hapo kabla hujazima hiki, utapigwa na stima. Wa Nakuru anaongeza video. Gari linapona. Hakuna aliyetuma bili, na hakuna anayepaswa kutuma, kwa sababu wiki ijayo wa Mombasa atakwama na huyu wa Kirinyaga Road atamjibu. Hilo ni deni linalozunguka, kama chama. Leo zamu yako, kesho yangu. Huo ndio utu, na sitaki uguswe.

Lakini chama chochote kinajua adui wake: ni yule mwanachama ambaye haweki mchango hata mwezi mmoja ila kila mwezi anapokea. Kwenye magrupu ya kazini, mwanachama huyo ni mwajiri. Muuguzi wa usiku akimfundisha muuguzi mwenzake, hospitali inapokea. Karani wa benki akimwonyesha mwanagenzi jinsi ya kushughulikia malipo yaliyokwama, benki inapokea. Mwanagenzi mwenyewe labda mkataba wake ni wa miezi mitatu na hata nauli hajafidiwa. Kwa hivyo sisemi watu walipane kwa kusaidiana. Nasema anayepokea kila mwezi naye aweke mchango.

Kuna somo la zamani hapa, na halikutoka Silicon Valley ya leo yenye kelele. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr aliwafuata mafundi wa Xerox waliokuwa wakitengeneza mashine za kutoa kopi Marekani. Kampuni iliamini fundi anafuata kitabu cha maelekezo. Orr akakuta kwamba kitabu kinaishia pale tatizo linapoanza kuwa gumu, na mafundi walijua kazi kwa kusimuliana wakiwa kwenye chai na chakula cha mchana: ile mashine ya fulani ilinifanyia hivi, nikajaribu vile. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1996. Katika miaka hiyo ya 1990 Xerox ikaunda mfumo ulioitwa Eureka, ambamo fundi aliandika mbinu yake, mafundi wenzake wakaikagua, kisha ikasambazwa ikiwa na jina lake. Ona vitu vilivyowekwa hapo: nafasi ya kuandika, wakaguzi wanaojua kazi, na jina la mwenye maarifa. Mashine zilikuwa za kampuni, lakini mbinu ilijulikana ni ya nani.

Sasa linganisha na kwetu. Bosi akisikia kuna grupu linalofanya kazi vizuri, jambo la kwanza ni kuomba aongezwe. Na siku hiyo grupu linakufa. Halifungwi, la, linakufa likiwa wazi. Maswali yanakoma. Yanabaki makofi ya emoji, "asante sana bosi", mistari ya asubuhi njema na matangazo ya harambee. Ndani ya wiki moja kuna grupu la pili, bila bosi, ambalo jina lake huwezi kulitaja kwenye kikao. Si utovu wa nidhamu. Kuuliza swali ni kukiri hujui, na nani atakiri hajui mbele ya mtu anayeamua kama mkataba wake utaongezwa?

Kampuni kubwa zilijaribu kulitatua hili kwa pesa. Microsoft ilinunua Yammer mwaka wa 2012 kwa dola bilioni 1.2, mtandao wa kijamii wa ndani ya ofisi. Leo hata hilo jina limeondolewa. Facebook nayo ilizindua Workplace mwaka wa 2016, na mwaka wa 2024 wenyewe wakatangaza kuifunga. Chombo kinaweza kuwa kizuri sana. Tatizo haliko kwenye programu. Watu hawajifunzi mahali ambapo kila swali linaweza kugeuka ushahidi dhidi yao.

Wapinzani wangu wana hoja mbili nzito, na sitazikwepa.

Ya kwanza ni siri. Picha ya kidonda cha mgonjwa ikiwa kwenye simu za watu 80, hiyo si elimu tena, ni hatari, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezi na taarifa za afya. Kweli kabisa. Ya pili ni uongo. Mtu mmoja mwenye sauti ya kujiamini akitoa jibu baya saa tatu usiku, kufikia asubuhi limefika kaunti tano. Hiyo pia ni kweli.

Lakini tazama hoja hizo zinaelekea wapi. Wakubwa wanazitumia kupiga marufuku, kutoa barua za onyo na kumsimamisha kazi muuguzi mmoja awe mfano. Mimi nazitumia kudai. Kama picha za wagonjwa hazifai kukaa kwenye simu ya mtu binafsi, basi nunua simu ya wodi na uwafundishe watu jinsi ya kuuliza bila kumwanika mgonjwa. Kama majibu mabaya yanasambaa, basi mpe yule mzoefu saa mbili kwa wiki, ndani ya zamu yake, akague na kusahihisha. Ukimpeleka mtu shambani bila jembe, usimkaripie kwa kulima na mikono.

Wengine watasema dawa ni kuzima simu. Ufaransa ina haki hiyo kisheria tangu Januari 2017, na hapa kwetu Seneta Samson Cherargei alileta mswada wa kulinda wafanyakazi dhidi ya simu za kazi baada ya saa za kazi mwaka wa 2022. Naunga mkono wazo hilo kwa mikono miwili. Ila linakukinga na bosi anayekupigia saa nne usiku. Halikukingi na ujinga ambao bosi alikuachia. Mtu haendi kwenye grupu usiku kwa sababu ameitwa. Anaenda kwa sababu kesho asubuhi atawekwa mbele ya mashine ambayo hakuna aliyemfundisha. Ukitaka apumzike usiku, mpe nafasi ya kujifunza mchana.

Basi tunataka nini? Pesa za data ziandikwe kwenye hati ya mshahara kama zinavyoandikwa za usafiri, zisiwe zawadi ya Krismasi. Saa za kufundishana zihesabiwe kuwa saa za kazi. Anayefundisha wenzake jina lake liingie kwenye tathmini ya mwaka, kwa sababu leo wanaopandishwa cheo ni wanaong'ara kwenye vikao huku waliowafundisha wakibaki palepale. Bosi akae nje ya grupu mpaka aalikwe, na akialikwa aje kuuliza maswali kama wengine. Vyama vya wafanyakazi viache kupigania asilimia za mshahara peke yake na viweke mambo haya kwenye mikataba ya pamoja. Na NITA, ambayo tayari inawatahini mafundi waliojifunza ufundi wao kazini bila kukaa chuoni, itafute njia ya kumtambua pia yule aliyewafundisha.

Nasi wenyewe kuna la kurekebisha. Wapo wanaofungia maarifa kama mchele wa wageni, na wapo wanaomcheka mwanagenzi akiuliza swali rahisi, kisha wanashangaa mbona alikosea kimyakimya na kuharibu kazi. Grupu la kucheka wanaouliza halina tofauti na grupu lenye bosi. Tena hifadhini mnayofundishana nje ya mashine za ofisi, bila siri za wateja wala wagonjwa, ili siku mkataba ukiisha usitoke mlangoni na boksi la vikombe tu.

Mwezi huu au ujao utaitwa kwenye kikao. Kutakuwa na slaidi zenye maneno kama "ushirikiano" na "utamaduni wa kujifunza", na mtu aliyevaa suti atawasifu kwa jinsi mnavyosaidiana mtandaoni. Msikilizeni kwa heshima mpaka amalize. Kisha mmoja wenu ainue mkono na kuuliza: hiyo data tunayofundishana nayo, unailipa lini?