Kisanduku cha Pedali Hakiongezi Nguvu

Wakulima wenzangu, wenye pikapu siku hizi huuziwa kisanduku cha kufungwa kwenye pedali ya mafuta ili gari liamke upesi. Kweli huamka, maana kisanduku huikuza ishara iendayo kwenye kompyuta ya injini. Lakini nguvu ni ile ile: ukikanyaga hadi mwisho, hupati zaidi. Na pikapu kuukuu yenye waya wa mafuta haiwezi kukitumia.

Gari likilemewa na machungwa katika mlima wa kutoka Kombani kwenda Kwale, tazama kwanza filta ya hewa iliyojaa vumbi la Shimba Hills, filta ya dizeli, na upepo wa magurudumu. Punguza magunia. Kisanduku hufunika ugonjwa, hakiuponyi. Fedha hiyo, kwa maoni yangu, heri ikanunue mbolea.