Sifa za Mfalme Hazijazi Ziwa

Mji mdogo wa Gangaikonda Cholapuram, katika wilaya ya Ariyalur, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, si mji wa kupokea wageni wakubwa kila siku. Lakini tarehe 27 Julai 2025 Waziri Mkuu wa India, Bwana Narendra Modi, aliwasili hapo kuhitimisha sherehe za kumkumbuka Mfalme Rajendra wa Kwanza wa dola ya Chola, ambaye miaka 1,000 kabla ya hapo alituma merikebu zake za vita kuvuka Ghuba ya Bengal. Bwana Modi alizindua sarafu ya ukumbusho, akatangaza kwamba sanamu kubwa za Rajendra na za baba yake, Rajaraja, zitasimamishwa katika jimbo hilo. Mwezi huo huo serikali ya jimbo, iliyokuwa mikononi mwa chama cha DMK, mpinzani wa chama cha BJP cha Bwana Modi, ilitangaza mipango yake yenyewe: kulifufua ziwa la kale la mji huo na kujenga makumbusho.

Kwa nini wakubwa wa pande mbili wamgombee mfalme aliyefariki mwaka 1044? Jibu la haraka ni kwamba muda wa bunge la jimbo ulikuwa unamalizika mwaka 2026. BJP, ambayo haijapata kutawala Tamil Nadu, ilimtaja Rajendra kama kielelezo cha India moja yenye nguvu za baharini. DMK ilimtaja kama fahari ya Watamil. Lakini jibu hilo halitoshi. Ili kuzipima sifa hizo, yafaa kuutazama mji wenyewe na yale yaliyoupata.

Rajendra alitawala kuanzia mwaka 1014. Majeshi yake yalifika kaskazini hadi mto Ganga, na aliporejea alijenga mji mkuu mpya, akauita mji wa Mchola aliyeutwaa Ganga. Alijenga hekalu la Shiva ambalo mnara wake una urefu wa kiasi cha mita 55, mfupi kidogo kuliko ule wa baba yake mjini Thanjavur. Mwaka 1025 merikebu zake ziliipiga dola ya Srivijaya, iliyodhibiti Mlango wa Bahari wa Malaka, njia ya biashara ya kwenda China. Vita hivyo, basi, vilihusu biashara pamoja na utukufu.

Tusisahau pia kwamba mfalme huyo alikuwa mtwaaji wa mali za wengine. Sanamu za miungu zilizotekwa katika nchi za majirani zililetwa katika mji wake kama nyara, na baadhi yake, zenye mtindo wa uchongaji wa Kalinga, zimebaki hadi leo katika kijiji cha Sengamedu kilicho jirani. Wanaomsifu Rajendra kwa kuunganisha hawana budi kukumbuka kwamba waliounganishwa hawakuulizwa.

Kwa zaidi ya karne mbili mji huo ulikuwa kitovu cha dola. Dola ya Chola ilipoangushwa na wafalme wa Pandya mwaka 1279, makasri yaligeuka vifusi. Mahali palipoitwa Maligaimedu, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua misingi ya matofali na vigae vya jumba la kifalme. Hekalu peke yake ndilo lililobaki limesimama, kwa sababu watu waliendelea kusali humo.

Kisha wakaja watwaaji wengine. Mwaka 1836, wakati wa utawala wa Kampuni ya Waingereza ya India ya Mashariki, wahandisi walijenga kizuio cha maji katika mto Kollidam, kilomita chache kutoka hapo. Walihitaji mawe ya matale, na waliona njia nyepesi kuliko kuyachonga: waliubomoa ukuta mkubwa wa nje wa hekalu. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 1855 yanasimulia kwamba wenyeji maskini walijitahidi kuzuia ubomoaji huo, wakaambulia kuadhibiwa kwa kudharau amri. Waliahidiwa ukuta wa matofali badala ya ule wa mawe. Ukuta huo haukujengwa.

Haki itendeke hata hapa: kizuio kile kiliwapatia maji wakulima wengi wa bonde la mto. Lakini faida ya wengi haikuhitaji kuwanyang'anya wachache kile walichokiheshimu, na tena kwa ahadi ya uongo.

Wizi haukukoma ukoloni ulipoondoka. Katika wilaya hiyo hiyo ya Ariyalur, kijiji cha Sripuranthan kiliibiwa sanamu ya shaba ya Shiva akicheza ngoma. Mwaka 2008 sanamu hiyo iliuzwa kwa jumba la taifa la sanaa la Australia, mjini Canberra, kwa bei ya dola za Marekani zipatazo milioni 5. Picha za zamani zilizohifadhiwa na taasisi ya Kifaransa mjini Pondicherry ndizo zilizosaidia kuthibitisha asili yake, na Septemba 2014 Australia iliirudisha India. Mfalme aliteka kwa upanga, Kampuni ikabomoa kwa amri, walanguzi wakaiba kwa ulaghai. Aliyelipa gharama kila mara ni mwanakijiji.

Mwaka 2004 hekalu la Gangaikonda Cholapuram liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hiyo ni heshima kubwa, lakini orodha haiwezi kuchimba mfereji. Rajendra alichimba ziwa kubwa lenye tuta la kilomita zipatazo 25, akamimina humo maji ya Ganga na kuliita nguzo ya ushindi iliyofanywa kwa maji. Ziwa hilo lilinywesha mashamba. Baadaye lilijaa tope na mifereji yake ikaharibika.

Hapana shaka kwamba katika kazi zote za mfalme huyo, ziwa ndilo linalomhusu zaidi mkulima wa leo. Sanamu mpya itapigwa picha na wageni. Ziwa likijaa litaotesha mpunga. Kwa hiyo ahadi za mwaka 2025 zisipimwe kwa urefu wa sanamu wala kwa wingi wa hotuba, bali kwa kina cha maji yatakayorudi. Watu wa mji huo wanayo sababu ya kusubiri kwa hadhari: ahadi ya ukuta wa mwaka 1836 haijatimizwa hadi leo.