Pampu Isihukumiwe Kabla ya Mafuta

Imeandikwa kwamba usukani ukianza kulia, pampu yake imekufa; nunua nyingine. Ushauri mtamu kwa muuza pampu! Dereva anayeshuka kona za Kirungu kwenda bandari ya Moba anastahili ushauri bora zaidi. Mlio mkali ukikata kona mara nyingi ni mkanda uliolegea: kaza, au badilisha. Mngurumo unaopanda kadiri unavyozungusha usukani? Fungua kikopo cha mafuta ya usukani. Huenda yamepungua, au yana povu, yaani hewa imeingia. Ziba panapovuja, jaza mafuta aliyoyataja mtengenezaji, inua magurudumu ya mbele, zima injini, zungusha usukani taratibu mwisho hadi mwisho mpaka mapovu yaishe. Pampu mpya ikinyonya hewa italia vilevile, kisha itaharibika. Kelele ikibaki baada ya hapo, ndipo pampu ishtakiwe.